Kujenga kwenye jua kali: ratiba, maji na la kufanya mtu akizidiwa

Kiangazi cha kaskazini mwa Uganda huanza Desemba na kwenda hadi mvua za Machi au Aprili. Ndiyo miezi ambayo kila mwenye hela anataka kujenga: malori yanapita, mchanga hauna tope, matofali yanakauka upesi. Ndiyo pia miezi ambayo Arua, Adjumani, Kitgum na Moroto huweza kufika nyuzi 35 na zaidi kivulini. Maelezo haya ni ya foromani, fundi mkuu na mwenye nyumba anayesimamia ujenzi wake mwenyewe, awe na watu wanne au arobaini.

Kwanza ieleweke kwamba joto linalomwangusha mtu saiti halitoki juani peke yake. Misuli ikifanya kazi nzito hutoa joto jingi ndani ya mwili. Kwa hiyo pota, yaani kibarua, anayepandisha karai za zege Kampala kwenye nyuzi 29 anaweza kuwa hatarini kuliko askari aliyeketi getini Moroto kwenye nyuzi 36. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale linapokauka juu ya ngozi. Linalodondoka chini halijamsaidia mtu. Ndiyo maana Entebbe na Jinja, ambako hewa ya ziwa ina unyevu, mtu hulowa shati zima na bado mwili unachemka. Mtaro wa msingi na shimo la choo nako ni hivyo hivyo, upepo haufiki, hata kama juu kunapuliza vizuri.

Pima joto kwa kipimajoto cha ukutani, kikining'inizwa kivulini penye upepo, usawa wa kifua. Simu itakupa joto la mji ulio mbali na saiti yako.

Mgeni ndiye wa kuchungwa zaidi

Vifo vingi vya joto kazini huwapata watu walio katika siku zao za mwanzo. Mwili huchukua kati ya siku 7 na 14 kuzoea: hujifunza kutoa jasho mapema, kulitoa jingi, na kupunguza chumvi inayopotea humo. Kabla ya hapo, kijana mwenye nguvu kuliko wote anaweza kuwa wa kwanza kuanguka, kwa sababu ana haya kuonekana mvivu mbele ya wenzake.

Pota mpya apewe kazi nzito juani kwa asilimia 20 tu ya siku ya kwanza, kisha uongeze asilimia 20 kila siku. Kwa siku ya saa nane, hiyo ni kama saa moja na nusu ya kuchimba au kubeba, na saa zilizobaki afanye kazi nyepesi kivulini: kukata ringi za nondo, kung'oa misumari kwenye mbao, kuchunga maji. Aliyezoea lakini akakaa nyumbani wiki moja au zaidi, kwa msiba, kwa mavuno au kwa ugonjwa, naye mwili umesahau. Mrudishe kwa nusu ya kazi siku ya kwanza, asilimia 60 ya pili, 80 ya tatu, kamili ya nne. Wanaotoka Kabale au Kisoro kwenda kujenga West Nile, upande wa Arua, wahesabiwe wageni hata kama wana miaka kumi ya ufundi, maana wametoka kwenye baridi ya milimani.

Kazi ya kipande huharibu mpango huu wote. Mtu anayelipwa kwa mita za mtaro hatapumzika, atachimba mpaka macho yaone giza ili amalize aende zake. Kama ni lazima ulipe kwa kipande, fanya kipande kiwe kifupi, kiishe kabla ya saa 5, na mapumziko yawe ndani ya malipo. Tumeona hakuna kanuni nyingine ya mapumziko inayoshika pale ambapo kupumzika kunamkata mtu hela.

Saa za kazi

Saa ya Uganda ni ile ile ya Nairobi na Dar es Salaam, lakini nchi iko magharibi zaidi. Jua linafika utosini karibu na saa 7 mchana, si saa 6, na Arua mwezi wa Februari hupita saa 7 kidogo. Joto la hewa hupanda bado baada ya hapo, hadi saa 9 au 10 alasiri. Foromani anayewapumzisha watu saa 6 hadi saa 7 kisha akawarudisha, amewatoa asubuhini na kuwaingiza kwenye saa mbaya kuliko zote.

Ratiba inayofaa kiangazi cha kaskazini ni ya vipande viwili: tangu mwanga unapotosha, karibu saa 1 asubuhi, hadi saa 5 na nusu, halafu saa 9 na nusu au 10 hadi saa 12 na nusu jioni. Ni saa saba na zaidi za kazi. Ugumu wake ni kwamba wanaokaa mbali hawawezi kwenda nyumbani na kurudi, hivyo waandalie kivuli cha kweli na mikeka ya kulala. Ikishindikana kugawa siku, angalau panga kazi kwa saa: kuchimba, kubeba na kuezeka asubuhi, kufunga nondo chini ya turubai na kupiga plasta ndani ya nyumba mchana.

Mabati yanastahili neno lake. Yakipigwa na jua hushika joto la kuunguza kiganja, na yanarudisha mwanga usoni mwa fundi, hivyo anapikwa juu na chini. Kuezeka kuishe kabla ya saa 5. Kizunguzungu ambacho chini kingemkalisha mtu, juu ya kenchi kinamwangusha. Asipande mtu peke yake.

Kwa kazi nzito inayofanyika juani, shika kima hiki cha chini. Chini ya nyuzi 30, pumziko la dakika 10 kila saa. Kati ya 30 na 34, dakika 20. Zaidi ya 34, nusu saa kazi, nusu saa kivuli, au ihamishe kazi hiyo hadi kesho alfajiri. Kupumzika maana yake ni kukaa kivulini na kunywa. Kuegemea koleo juani si pumziko.

Siku ya slabu

Siku hii ndiyo inayoangusha watu wengi, kwa kuwa zege halisubiri na kila mtu anajua hivyo. Chukua slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ya mita mraba 100 yenye unene wa sentimita 15. Ni mita za ujazo 15 za zege, yaani tani 36 hivi, zitakazopandishwa kwa karai na mikono. Karai iliyojaa huzidi kilo 20. Mashine ya kuchanganyia zege ya mfuko mmoja, kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), hutoa kama mita za ujazo 2 na robo kwa saa ikienda bila kusimama. Ukianza saa 12 na nusu asubuhi utamaliza karibu saa 7. Ukianza saa 3 kwa sababu mashine ilichelewa kuletwa au kokoto ziko ng'ambo ya barabara, utamwaga hadi saa 9 na nusu, na umepitisha tani hizo mgongoni mwa watu katika joto lote la siku.

Kwa hiyo mashine ilale saiti. Usiku wa kuamkia, mchanga uwe umechekechwa, kokoto ziwe hatua chache kutoka kwenye mashine na zimefunikwa turubai, maji ya zege yawe kwenye mapipa. Mifuko kama 95 ya saruji itahitaji lita 2,500 hivi za kuchanganyia, na hayo yasihesabiwe pamoja na ya kunywa. Pawe na taa, kwa sababu giza la alfajiri ndilo linalowapa watu saa moja ya baridi.

Panga watu kwa makundi matatu. Kama mstari unahitaji watu 16, waite 24: wanane wakiwa kivulini, kumi na sita kazini, na kila dakika 20 kundi moja linaingia na jingine linatoka. Kila mtu atafanya dakika 40 na kupumzika 20 bila zege kusimama hata mara moja. Mwenye nyumba atalalamika kwamba analipa watu wanane waliokaa. Mwonyeshe kwamba mstari wa watu 16 wasiobadilishwa hupunguza mwendo kuanzia saa ya tatu, na mwisho slabu inachelewa vilevile. Karai zijazwe robo tatu.

Jua kali huharakisha zege kushika, na hapo watu hushawishika kuongeza maji ili liwe laini. Slabu itakuwa dhaifu na yenye nyufa. Lowanisha kokoto na mbao za chini kabla ya kumwaga, kinga mchanganyiko na jua, na kama kazi ni kubwa kupita nusu siku, mhandisi aonyeshe mapema mahali pa kuikata ili mwendelee kesho yake. Usiamue kiungo cha zege wakati watu wameshachoka.

Jasho na saruji vikikutana ngozini huunguza. Saruji mbichi ni kali, na ngozi iliyolowa huunguzwa upesi zaidi. Weka ndoo ya maji safi ya kunawia karibu na mashine, na mtu mwenye zege ndani ya buti avue papo hapo.

Maji, chumvi na chakula

Hesabu lita 8 kwa kila mtu kwa siku ya joto. Watu kumi ni lita 80, yaani jerikeni nne za lita 20. Kikombe cha robo lita kila dakika 15 au 20 kinatosha kazi nyingi, na kiu isiwe ndiyo saa ya kunywea kwani huja imechelewa. Lakini mtu asizidishe lita moja na nusu kwa saa: maji mengi mno bila chumvi huishusha chumvi ya damu, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, zinafanana na za joto lenyewe.

Maji yawe hatua zisizozidi thelathini kutoka mahali watu wanapofanyia kazi. Yakiwa mbali, pota hatayafuata. Njia nzuri ni mtu mmoja kupita na jerikeni na kumtilia kila mtu kwenye kikombe chake. Kikombe kimoja cha wote kinasambaza kuhara, na anayehara amepoteza maji kabla hajafika kazini. Maji ya kisima au bwawa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, kisha yasubiri nusu saa. Usichote ya kunywa kwenye pipa la maji ya zege, hata yakionekana meupe.

Kupoza maji bila umeme: funga jerikeni kwa gunia la katani lililolowa, liweke kivulini penye upepo, uliloweshe tena likikauka. Karamoja, upande wa Moroto, njia hii hufanya kazi vizuri kwa sababu hewa ni kavu. Karibu na ziwa hutapata baridi hiyo, na mtungi wa udongo pia utapoza kidogo tu.

Anayekula mlo wenye chumvi hahitaji vidonge vya chumvi. Shida ni kwamba pota wengi hufika bila kula na mlo wao wa kwanza ni posho (ugali) na maharagwe ya saa 7. Kikombe cha uji au chai na mhogo kabla ya saa 1 hubadilisha siku nzima, na gharama yake kwa mwajiri ni ndogo kuliko mfuko mmoja wa saruji kwa kundi la watu kumi. Kwa wanaotoka jasho zaidi ya saa mbili mfululizo, weka maji ya ORS, yaani ya chumvi na sukari: ya paketi, au lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe, visijazwe kilima. Chumvi ikizidi, mwaga utengeneze upya.

Waragi ya jana usiku ni hatari ya leo mchana, kwani pombe hukausha mwili. Aliyefika ananuka pombe asipande juu wala asishuke mtaroni. Vinywaji vya kuongeza nguvu humfanya mtu asisikie uchovu wake, na uchovu ndiyo kengele yake. Tunasisitiza pia kuhusu diklofenaki na ibuprofeni ambazo pota hununua dukani kutuliza mgongo: dawa hizi na mwili uliokauka, vikikutana kila siku, huumiza figo. Mkojo wa rangi ya soda nyeusi au ya chai ya rangi pamoja na misuli kuuma vibaya ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Mkojo wa njano iliyokoza maana yake anywe na apumzike. Unaotakiwa ni wa njano hafifu.

Miaka hii Ramadhani inaangukia kati ya Januari na Machi, kiangazi chenyewe. Saiti za Yumbe na Arua zina wafungaji wengi. Wapangie kazi nzito mara baada ya daku na alfajiri, wamalize saa 4, na mchana wapewe kazi ya kivulini. Wengine hupenda zamu ya usiku baada ya futari, nayo ni nzuri kama taa zinatosha.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa kazini, hivyo maji si hisani ya foromani.

Kivuli na nguo

Muembe hushinda kila kivuli cha kutengeneza. Usikate mwembe ulio pembeni ya kiwanja kabla ujenzi haujaisha. Isipokuwa wingu likitanda na radi kusikika: hapo kila mtu atoke chini ya mti na aingie kwenye jengo au gari. Pasipo mti, funga turubai la rangi hafifu juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, pande zote wazi. Turubai jeusi lililofungwa chini ni tanuri, na stoo ya mabati ni tanuri zaidi. Mtu aliyechoka akienda kujilaza ndani ya stoo anaweza kuzidiwa pasipo kuonekana.

Shati la pamba la mikono mirefu, pana, la rangi hafifu, ambalo soko la mitumba linajaa nalo, ni bora kuliko kifua wazi na kuliko ovaroli nzito. Helmeti isivuliwe kwa sababu ya joto. Chagua nyeupe, weka kitambaa kilicholoweshwa shingoni, na usivae kofia ya sufu ndani yake. Mfanyakazi mwenye ualbino apewe kazi ya kivulini, kofia pana na losheni ya kukinga jua, kwani ngozi yake haina kinga dhidi ya saratani inayoletwa na miale.

Kutambua na kuokoa

Wagawe watu wawili wawili, kila mmoja amwangalie mwenzake. Misuli ya paja au tumbo ikikaza, mtu akae kivulini na anywe ORS. Kichwa kikiuma, akawa na kichefuchefu, jasho jingi, miguu ikalegea, alazwe kivulini, miguu iinuliwe, nguo zilegezwe, alowanishwe na kupepewa, anywe kidogo kidogo. Asirudi kazini siku hiyo, na asiachwe peke yake.

Kinachotenganisha hali hiyo na kiharusi cha joto, yaani mwili kushindwa kabisa kujipoza, ni akili. Mwulize jina lake, ni siku gani, yuko wapi. Mwambie atembee hatua tano. Aulizwe na anayejua lugha yake: Mkaramojong asiyejua Kiganda ataonekana amechanganyikiwa wakati hakuelewa swali, na aliyechanganyikiwa kweli ataachwa kwa kudhaniwa hajui lugha. Anayejibu ovyo, anayegomba bila sababu, anayeyumba, anayetetemeka kwa degedege au aliyezimia huku mwili ni wa moto, joto lake huenda limepita nyuzi 40. Usisubiri ngozi ikauke. Aliyekuwa kazini mara nyingi bado anatoka jasho.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika: watu husema ni malaria, wanampa parasetamoli na kumpakia kwenye boda. Parasetamoli haishushi joto la aina hii. Aliyechanganyikiwa hakai kwenye boda, na dakika za safari ndizo zinazoharibu ubongo, figo na ini. Kinachomwokoa ni kupozwa pale pale, ndani ya nusu saa.

Kila saiti ina turubai na maji, na hivyo vinatosha. Mmoja apige simu ya gari, wengine watandaze turubai kivulini. Mvueni nguo za juu na buti, mlazeni katikati. Watu wanne hadi sita washike kingo na kuziinua ziwe kama hodhi, kisha mimineni jerikeni nne au zaidi za maji yasiyo na saruji, yafunike kiwiliwili na mapaja. Mmoja ashike kichwa kikae juu ya maji wakati wote. Yatikiseni maji yasitulie, maana maji yaliyotulia hujikinga kwa tabaka la vuguvugu kuzunguka ngozi. Mwenye duka la soda jirani akiwa na barafu, itieni. Pasipo turubai, mwageni maji mfululizo mwili mzima huku mkimpepea kwa kipande cha boksi. Msimnyweshe kitu asiyejitambua. Akitapika, mgeuzeni ubavu.

Endeleeni hadi aanze kujibu vizuri au atetemeke kwa baridi, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Kisha aende kituo cha afya cha ngazi ya IV au hospitali, hata kama ameamka na anasema amepona, na njiani aendelee kuloweshwa. Anayemsindikiza amwambie daktari kwamba alianguka akifanya kazi juani, saa ngapi, na mmempoza kwa muda gani. Kipimo cha malaria kifanywe pia, kwani mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Namba za gari, kituo na foromani ziandikwe kwa rangi kwenye mlango wa stoo siku ya kwanza ya kazi.

Aliyepatwa na kiharusi cha joto asirudi saiti kabla ya daktari kumruhusu, na walau wiki nzima iwe imepita. Akirudi, huanza kama mgeni: asilimia 20 siku ya kwanza, akiwa na mwenzake pembeni. Mwili ulioshindwa na joto mara moja hushindwa upesi mara ya pili.